Uso wa Sola Utazame Kaskazini

   Ndugu wakulima, leo hatutazungumzia mbolea wala ugonjwa wa chulebuni. Tutazungumzia kitu ambacho wengi wenu mmekinunua kwa fedha za kahawa au za usipa, mkakipandisha juu ya bati na kukisahau huko: paneli ya sola.

Najua mtu atauliza, bwana shamba na sola wapi na wapi? Jibu ni kwamba fedha inayonunua sola inatoka shambani. Ikipotea juu ya paa ni sawa na kahawa iliyooza kichanjani. Njia kubwa ya umeme kutoka Makambako hadi Songea ilikamilika mwaka 2018, na nguzo zinaendelea kusambaa. Lakini nyumba iliyo bondeni, kambi ya wavuvi na banda la shambani bado zinategemea jua. Kwa hiyo yafaa tujue namna ya kulipokea jua hilo.

Kuna swali moja linaloulizwa kila mara tunapopita vijijini. Mkulima anasema: “Mimi na jirani yangu tumenunua sola za aina moja, duka moja. Yake inawasha taa mpaka alfajiri, yangu inazima saa mbili usiku, watoto wakiwa katikati ya masomo. Je, nimeuziwa kitu kibovu?” Huenda ndiyo, maana bidhaa mbovu zipo. Lakini kabla ya kurudi dukani kugombana, toka nje utazame paa lako. Mara nyingi ubovu hauko ndani ya paneli, bali namna ilivyokaa.

Hebu twende pole pole. Chukua kalamu na karatasi, kwa sababu kuna hesabu chache utakazohitaji siku ya kufunga.

JUA LA KWETU LINAPITA WAPI?

Kila mtu anajua kwamba jua huchomoza mashariki na kuzama magharibi. Wasilolitazama wengi ni mahali linapopita saa sita mchana. Halipiti utosini kila siku. Kuna miezi linainama upande wa kaskazini na kuna miezi linainama upande wa kusini.

Mbinga iko kusini ya ikweta kwa nyuzi 11 hivi. Pembe ya mraba, kama ile ya kona ya mlango, ina nyuzi 90. Kwa sababu ya mahali tulipo, jua linapita utosini kwetu mara mbili tu kwa mwaka: karibu na tarehe 22 Oktoba na karibu na tarehe 20 Februari. Siku hizo, kwenye saa sita ya jua, kijiti kilichosimama wima hakina kivuli. Baada ya 22 Oktoba jua linahamia kusini, linafika mwisho wake tarehe 21 au 22 Desemba, kisha linarudi. Baada ya 20 Februari linahamia kaskazini na kukaa huko mpaka Oktoba tena.

Hesabu miezi hiyo. Jua liko upande wetu wa kusini kwa miezi 4. Liko upande wa kaskazini kwa miezi 8. Isitoshe, linapokwenda kusini haliendi mbali. Mwishoni mwa Desemba linaacha utosi kwa nyuzi 12 tu. Bali mwishoni mwa Juni linainama kaskazini nyuzi 34 kutoka utosini. Hilo ni jambo kubwa. Mwanaume aliyesimama shambani saa sita mchana mwezi Juni anaona kivuli chake kimelala upande wa kusini, urefu wake kupita kiuno.

Kwa sababu hiyo, kwetu sisi paneli itazame kaskazini, yaani upande wa Njombe. Isitazame kusini, upande wa Msumbiji.

Sasa jihadhari na jambo moja. Ndani ya boksi la paneli unaweza kukuta karatasi ya maelekezo inayosema elekeza kusini. Utasikia hivyo hivyo kwenye video za simu. Watu hao hawadanganyi. Karatasi iliandikwa kwa ajili ya watu wa Ulaya, China au India, ambao wako kaskazini ya ikweta, na jua lao la mchana liko kusini kwao. Ukifuata maneno yao hapa Mbinga, unaipa paneli mgongo wa jua kwa miezi 8. Wenzetu wa Afrika Kusini na Australia, walio kusini ya ikweta kama sisi, nao huelekeza kaskazini.

Tena usijilinganishe na ndugu aliyeko Bukoba. Yeye yuko karibu sana na ikweta, kwa hiyo jua lake linagawana kaskazini na kusini karibu nusu kwa nusu. Akikosea upande, hasara yake ni ndogo. Sisi tuko pembe ya kusini kabisa ya nchi, na kosa hilo hilo kwetu linauma zaidi.

KWA NINI MWINAMO UNA MANENO?

Fikiria unakinga maji ya mvua kwa ndoo. Mvua ikianguka wima, ndoo iliyosimama wima inapokea sana. Upepo ukivuma na mvua ikaja ubavu, ndoo hiyo hiyo inapokea kidogo, mpaka uinamishe mdomo wake kuelekea mvua inakotoka. Paneli ni ndoo ya mwanga. Inapokea zaidi pale uso wake unapotazamana na jua.

Nimekufanyia hesabu ya Mbinga. Tuseme mwanga wa jua unaopiga uso wa paneli iliyotazamana nalo sawasawa ni sehemu 100. Tunapima saa sita ya jua, anga ikiwa safi, na tunahesabu ule mwanga unaokuja moja kwa moja kutoka kwenye jua.

Mwishoni mwa Juni:
Paneli iliyoinamia kaskazini nyuzi 15 inapata sehemu 94.
Paneli iliyolala kama meza inapata sehemu 82.
Paneli iliyoinamia kusini nyuzi 15 inapata sehemu 65.
Paneli iliyoinamia kusini nyuzi 30, kama paa la mwinamo mkali, inapata sehemu 43 tu.

Mwishoni mwa Desemba:
Paneli iliyoinamia kaskazini nyuzi 15 inapata sehemu 89.
Paneli iliyolala kama meza inapata sehemu 98.
Paneli iliyoinamia kusini nyuzi 15 inapata karibu sehemu zote 100.
Paneli iliyoinamia kusini nyuzi 30 inapata sehemu 95.

Soma hesabu hiyo kama unavyosoma mizani ya chama cha msingi. Aliyetazama kaskazini kwa nyuzi 15 hapati chini ya 89 katika ncha zote mbili za mwaka. Aliyetazama kusini anashangilia Desemba, na Juni anaanguka vibaya. Yule wa paa kali la kusini, paneli yake ya wati 50 inafanya kazi Juni saa sita kama paneli ya wati 23 iliyofungwa vizuri. Amelipa fedha ya wati 50, anatumia 23.

TUFUNGE KWA AJILI YA JUNI

Mkulima mwangalifu atauliza: mbona Desemba na Januari ndiyo miezi ya mawingu, si tungefunga kwa ajili ya miezi hiyo yenye shida? Swali hilo ni zuri, na hapa ndipo wengi wanapopotea.

Mvua inapotanda, jua lenyewe halionekani. Mwanga unasambaa na kuja kutoka pande zote za anga. Siku kama hiyo kuelekeza paneli kusini hakukuongezei kitu cha maana, kwa kuwa hakuna jua moja la kutazamana nalo. Kinachosaidia ni paneli isiyosimama sana, ili ione anga kubwa. Paneli iliyosimama wima kama ukuta inaitazama nusu ya anga na kuipa mgongo nusu nyingine. Ndiyo maana tunasema mwinamo uwe mdogo.

Lakini Juni na Julai kwetu hali ni nyingine. Mvua imekwisha. Ukungu ukishaondoka, jua ni kali na anga ni safi, ila jua lenyewe limeinama kaskazini. Tena mchana wa Juni ni mfupi kuliko wa Desemba kwa zaidi ya saa moja, na usiku ni mrefu. Ndiyo miezi ya kuvuna kahawa, unachambua na kupanga mpaka giza linaingia. Taa inawaka muda mrefu na saa za kuchaji ni chache. Hapo mwelekeo wa paneli ndio unaoamua kama betri itajaa au haitajaa.

Na betri ndiyo mali yenyewe. Betri ya maji, ile yenye bamba za risasi kama ya gari, inaharibika ikikaa siku nyingi bila kujaa. Bamba zake zinajenga ukoko mgumu usiotoka tena, na uwezo wake unapungua mwezi hadi mwezi. Betri ya lithiamu inavumilia zaidi hali hiyo, lakini nayo haitoi umeme ambao haikupewa. Kwa hiyo paneli iliyotazama vibaya inakunyima mwanga wa leo na tena inaiua betri taratibu. Baadaye mwenye nyumba anasema sola haifai, anarudia kibatari, naye mtoto anasoma katika moshi.

MWINAMO GANI BASI?

Kanuni ni kwamba paneli isiyohamishwa mwaka mzima iinamishwe kwa nyuzi karibu sawa na umbali wa mahali hapo kutoka ikweta. Kwetu ni nyuzi 11. Lakini tunashauri nyuzi 15, kwa sababu mbili. Kwanza, inakuongezea kidogo Juni, kama tulivyoona. Pili, mvua inaosha kioo vizuri na vumbi haligandi kwenye ukingo wa chini. Paneli iliyolala kabisa inatuama maji na vumbi pembeni, kama kiwanja kisicho na mfereji.

Wazee wa Umatengo waliolima ngolo katika miteremko hii walijua kuusoma mlima: hapa maji yatakimbia, hapa yatatuama, hapa yataingia ardhini. Kazi ya paa ni hiyo hiyo, ila sasa unasoma mwanga.

Kupata nyuzi 15 huhitaji kifaa cha shule. Pima urefu wa paneli kutoka ukingo wa chini hadi wa juu. Kwa kila sentimeta 100 za urefu huo, ukingo wa juu uwe juu kuliko wa chini kwa sentimeta 26. Paneli ya sentimeta 50 inyanyuliwe sentimeta 13. Ukingo ulionyanyuliwa ni ule wa kusini, ili uso utazame kaskazini. Rudia maneno hayo kabla ya kupanda ngazi, maana watu hugeuza.

Wapo wanaouliza kama ni vizuri kubadili mwinamo mara mbili kwa mwaka. Kwa paneli iliyo kwenye stendi chini unaweza: mwinamo mkubwa zaidi wa kaskazini kuanzia Aprili hadi Septemba, kisha ilaze karibu sawa kuanzia Oktoba hadi Machi. Lakini faida yake ni ndogo. Kwa paneli ya juu ya bati, usihatarishe mguu wako kwa ajili hiyo. Ifunge mara moja, ifunge vizuri.

KUTAFUTA KASKAZINI BILA DIRA

Simu nyingi za kisasa zina dira, nayo inatosha ukiwa mbali na mabati na vyuma. Asiye nayo afanye hivi.

Tafuta uwanja ulio sawa. Simika kijiti cha mita moja, wima kabisa. Tumia timazi, hata jiwe lililofungwa kwenye uzi linafaa. Saa nne asubuhi weka alama ya jiwe pale ncha ya kivuli inapofika. Kisha chukua kamba, shika ncha moja kwenye shina la kijiti, nyingine ifike kwenye lile jiwe, uchore duara. Kivuli kitaendelea kufupika, kitaingia ndani ya duara, halafu baada ya mchana kitarefuka tena. Kwenye saa tisa na robo au tisa na nusu alasiri kitagusa duara kwa mara ya pili. Hapo weka jiwe la pili.

Unganisha mawe hayo mawili kwa kamba iliyonyooka. Kamba hiyo inalala magharibi kwenda mashariki. Jiwe la asubuhi ni magharibi, jiwe la alasiri ni mashariki. Simama juu ya kamba, mkono wa kulia uuelekeze kwenye jiwe la alasiri. Unakotazama ndiko kaskazini.

Usishangae kwamba saa ya pili si saa nane mchana, kama mtu angetegemea kwa kupima saa mbili kabla na saa mbili baada ya saa sita. Saa za Tanzania zinafuata mstari unaopita mbali mashariki, karibu na Mogadishu, Somalia. Sisi tuko magharibi ya mstari huo, kwa hiyo jua linachelewa kutufikia. Saa sita ya jua hapa Mbinga ni wastani wa saa sita na dakika 40 kwenye saa ya mkononi. Kwa mwaka mzima inacheza kati ya saa sita na dakika 20 na saa saba kasoro dakika 5.

Usihangaike sana na usahihi. Kwa mwinamo mdogo wa nyuzi 15, paneli iliyopotoka kidogo kuelekea kaskazini-mashariki au kaskazini-magharibi inapoteza kidogo sana. Kosa linalogharimu ni kutazama kusini.

PAA LAKO LIMEKAAJE?

Nyumba nyingi zina paa la pande mbili. Basi kama fundi alifunga paneli upande wa kusini kwa sababu ndiko barabarani, au kwa sababu ngazi ilikuwa huko, dawa yake ni rahisi: ivushe paneli upande wa pili wa kofia. Gharama ni waya kidogo na nusu siku ya kazi. Ni nafuu kuliko kununua paneli ya pili.

Kabla ya kutengeneza stendi, pima mwinamo wa paa lenyewe. Chukua ubao wa sentimeta 100. Gusisha ncha moja kwenye bati, na ncha nyingine iachie hewani kuelekea upande bati linakoteremkia. Sawazisha ubao kwa pima maji, au kwa chupa yenye maji iliyolazwa juu yake. Sasa pima wima kutoka ile ncha ya hewani hadi kwenye bati.

Ukipata sentimeta 18, paa lina nyuzi 10.
Sentimeta 27 ni nyuzi 15.
Sentimeta 36 ni nyuzi 20.
Sentimeta 47 ni nyuzi 25.
Sentimeta 58 ni nyuzi 30.

Kama upande wa kaskazini wa paa una nyuzi 10 hadi 25, usitengeneze stendi. Laza paneli kwa kufuata bati. Kama ni nyuzi 30, bado inafaa. Utapoteza kiasi, hasa Desemba. Kama paa ni la chini ya nyuzi 10, nyanyua ukingo wa kusini mpaka upate kipimo tulichotaja.

Na kama nyumba imejengwa hivi kwamba paa moja linateremka mashariki na jingine magharibi? Usivunjike moyo. Kwa paa lisilo kali, upande wowote kati ya hizo unapata mwanga wa kutosha, pungufu kidogo kuliko kaskazini. Chagua kwa kuangalia mazingira. Kule milimani, kama ukungu wa Juni na Julai unakawia mpaka saa nne asubuhi, jua lako la kweli ni la mchana na alasiri. Funga upande wa magharibi. Kama kuna mlima unaolificha jua mapema jioni, funga upande wa mashariki. Ninyi wa mwambao wa Nyasa mna milima mgongoni, upande wa mashariki, na ziwa lililo wazi upande wa magharibi. Jua linawakawilia asubuhi, lakini mnalo mpaka machweo. Kwenu upande wa magharibi ni bora kuliko mashariki, na kaskazini-magharibi ni bora zaidi.

Mwenye paneli mbili za aina moja anaweza kuweka moja mashariki na moja magharibi. Lakini zisiungwe kwa mnyororo, chanya ya moja kwenye hasi ya nyingine, kwa sababu ile yenye jua hafifu itaivuta mwenzake chini. Ziungwe sambamba, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi.

KIVULI NI MWIZI MKUBWA

Ndugu mkulima, hata ukipata kaskazini sawasawa na nyuzi 15 kamili, tawi moja la mparachichi linaweza kuharibu kazi yote. Ndani ya paneli kuna vipande vingi vilivyoungwa mstari mmoja, kama mfereji mmoja unaopita mashamba mengi. Ukiziba mahali pamoja, maji hayafiki mbele. Kivuli cha ukubwa wa sahani kinaweza kupunguza sehemu kubwa ya nguvu ya paneli nzima.

Kwa hiyo chunguza upande wa kaskazini wa nyumba. Je, kuna mgrevilia, mwembe, mgomba au paa la jirani? Mti wa mita 10 ulio kaskazini ya nyumba unatupa kivuli cha karibu mita 7 kuelekea kusini saa sita mwezi Juni, na asubuhi na jioni kinarefuka zaidi. Mti huo huo ukiwa kusini ya nyumba, Desemba saa sita kivuli chake ni mita 2 hivi tu. Ndiyo kusema, miti ya kusini iache ikukinge na upepo. Ya kaskazini ipunguze matawi, au sogeza paneli.

Usikague siku moja ukaridhika. Aliyefunga sola Novemba anaona paa zima linawaka jua. Juni inafika, kivuli kinapanda juu ya paneli, naye anadhani betri imekufa. Mgomba nao unakua. Kagua mara mbili kwa mwaka: mwezi wa kuvuna kahawa na mwezi mvua inapokolea. Tazama saa tatu asubuhi, saa sita na saa tisa.

KUFUNGA NA KUTUNZA

Joto linapunguza nguvu ya paneli. Kioo kikizidi joto la nyuzi 25 za sentigredi, kwa kila nyuzi moja inayoongezeka paneli hupoteza karibu nusu ya moja kwa mia ya nguvu yake, au pungufu kidogo ya hapo. Bati la Mbamba Bay mchana linaunguza mkono. Basi acha nafasi ya sentimeta 10 kati ya bati na paneli ili upepo upite chini yake. Usilaze paneli kwenye bati tupu.

Ifunge kwa boliti zinazoshika kwenye papi au kenchi, siyo kwenye bati peke yake. Upepo wa ziwani na dhoruba ya mwanzo wa mvua huibeba paneli kama ungo. Usitoboe fremu mahali pasipo tundu lake, wala usipige misumari karibu na kioo. Kila tundu la bati lizibwe kwa raba na lami.

Kabla ya kuunga nyaya, funika paneli kwa blanketi. Paneli ikiona jua inatoa umeme, hata kama hujaiunga popote, na haina swichi ya kuizima. Usipande juu bati likiwa limelowa, wala wingu la radi likiwa karibu. Awepo mtu wa kushika ngazi.

Kati ya Agosti na Oktoba vumbi na moshi wa kuchoma mashamba hujaa kwenye kioo. Kifute asubuhi mapema kingali cha baridi, kwa maji safi na kitambaa laini. Usimwagie kioo cha moto maji ya baridi saa sita, kinaweza kupasuka. Usisugue kwa mchanga wala steelwire ya kusafishia sufuria.

MAMBO YA KUKUMBUKA

Kwa kumalizia, ndugu wakulima, andikeni haya matano na kuyabandika karibu na betri.

Kwanza, ondoa kivuli, hasa cha upande wa kaskazini.
Pili, uso wa paneli utazame kaskazini. Ukikosa kaskazini, magharibi au mashariki. Kusini iwe ya mwisho kabisa.
Tatu, mwinamo ni nyuzi 15: sentimeta 26 kwa kila sentimeta 100 za urefu wa paneli. Paa la kaskazini la nyuzi 10 hadi 25 halihitaji stendi.
Nne, acha sentimeta 10 za hewa chini ya paneli, na funga kwa boliti.
Tano, kagua Juni na Desemba, na futa vumbi kabla ya mvua.

Ninyi mnaoanika kahawa kwenye vichanja na ninyi mnaoanika usipa ufukweni mnalijua jua kuliko fundi wa mjini. Mnajua kichanja kikikaa kivulini kahawa inachacha, na usipa usipogeuzwa unanuka. Ipeni paneli uangalifu ule ule. Kesho mchana, kama anga ni safi, simama uani, tafuta kaskazini kwa kijiti na kamba, kisha inua macho utazame paa lako. Kama paneli inatazama Msumbiji, mwite fundi kabla usiku mrefu wa Juni haujafika.

Mwenye swali amwone afisa ugani wa kata yake, au alete mezani siku ya mkutano wa kijiji.